Seli za Refa

Kipande kilifika maabara saa nne na dakika kumi asubuhi, kikielea ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Aliyekibeba, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa anahema. Lifti ilikuwa imekwama tena, na alikuwa amekimbia ngazi hadi ghorofa ya tatu.

"Kimetoka mwilini dakika kumi na mbili zilizopita," alisema. "Nimehesabu."

"Ahsante, dada. Kiweke hapo juu ya barafu. Taratibu."

Aliyempokea alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ambaye hospitali nzima ilimwita kwa neno hilo hilo alilolitamka. Taratibu. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, na hata huko lilikuwa limefutika nusu kwa spiriti. Alikuwa amepima damu za malaria miaka kumi na tisa kabla ya kuhamishiwa maabara ya saratani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo kwa pupa. Mumewe, fundi wa majokofu, alipenda kuwaambia wageni kwamba alimposa mwaka mmoja na jibu likaja mwaka wa pili.

Kipande chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kidole gumba. Kilikatwa kwenye paja la mwanamume wa miaka hamsini na nane, na uvimbe uliokizaa ulikuwa wa aina adimu, wenye jina refu ambalo hata madaktari walilisoma kwa kusitasita. Profesa, daktari bingwa aliyeiongoza maabara, alikuwa ameuona mara nne tu tangu amalize chuo. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Saratani za watu wengi zina watafiti, na kila maabara inafuga seli zake za kujaribia dawa. Hii ilikuwa yatima. Profesa alikuwa ameandika barua huku na huko akitafuta hata chupa moja ya seli hai za uvimbe huo, na jibu lilikuwa lile lile: hatuna. Ili ijulikane dawa gani inauweza, ilibidi kwanza mtu aufuge.

Taratibu ndiye aliyepewa kazi ya kuufuga. Alikuwa amejaribu mara tisa kwa vipande vya wagonjwa wengine wenye saratani adimu za namna mbalimbali, na mara zote tisa alishindwa. Viwili viliota kuvu. Katika vitatu, seli za kawaida za mwili ziliota kama magugu zikaziba zile za saratani. Vilivyobaki vilinyauka tu, bila sababu aliyoweza kuiandika kwenye daftari.

Alikikata kipande kwa visu viwili hadi kikawa chembechembe, akakilainisha kwa dawa, akachuja, kisha akazigawa seli katika chupa sita bapa zenye maji ya chakula ya rangi ya waridi. Aliziingiza kwenye kabati lililotegwa kwenye nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu. Kwenye kila chupa aliandika namba ya mgonjwa. Jina hakulijua, wala hakutakiwa kulijua.

Siku ya nane mwenye paja alikuja mwenyewe.

Alikuja kwa magongo mawili, akisindikizwa na muuguzi yule yule, ambaye uso wake ulikuwa wa mtu aliyebembelezwa mpaka akachoka. "Amesaini fomu ya kukubali kipande chake kitumike," muuguzi alijieleza. "Sasa anasema kama amekubali, basi aonyeshwe kilipo. Profesa ameruhusu dakika tano."

"Mimi ni refa," mwanamume alisema. "Miaka ishirini na mbili uwanjani, sasa nimestaafu. Niite Refa, hata mke wangu ananiita hivyo akinikasirikia. Nimesikia kuna kipande cha mguu wangu huku juu, na mimi nimelazwa chini. Nikaona si vizuri jirani kutotembeleana."

Taratibu alikaribia kucheka. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amezitupa chupa nne kati ya sita. Alimketisha mbele ya hadubini akaweka chini yake chupa ya tano.

"Unaviona vitu virefu vyembamba, kama samaki wadogo wanaoelekea upande mmoja?"

"Naviona."

"Hizo ni seli zako. Zimejishika chini ya chupa. Bado hazijaamua kama zitakaa."

Refa alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba. "Na hizi ndizo zinazotaka kuniua."

"Ndizo."

"Na wewe unazilisha."

"Nazilisha, nazibadilishia maji, naziamkia kila asubuhi." Alimgeukia. "Kaka, nisikufiche. Kazi hii inaweza kuchukua miaka. Huenda isikusaidie wewe. Huenda ikawasaidia wengine."

"Daktari aliniambia. Nimesaini nikijua." Alijiinua kwa magongo. "Ila zikishika, nitakuja kuzikagua. Haziwezi kucheza bila mwamuzi."

Zilishika. Wiki ya tatu chupa ya tano ilijaa, na ya sita ikafuata. Zilikuwa za polepole kupita zote alizowahi kuziona. Kujaza chupa moja zilihitaji siku kumi na mbili. Wenzake walimtania kwamba seli zimefuata tabia ya mlezi. Zilipogawanywa kwa mara ya tano, alichukua kiasi kidogo akakigandisha katika vichupa viwili, akavizamisha kwenye pipa la nitrojeni ya baridi kali kama akiba. Vichupa viwili tu, kwa kuwa seli zilikuwa chache na Profesa alizitaka zote kwa majaribio. Refa alikuwa amepona jeraha na kurudi nyumbani, lakini kila alipokuja kliniki alipanda ngazi na magongo yake kuja kuchungulia.

Mwezi wa tano mambo yalibadilika. Seli zilianza kukimbia. Chupa iliyohitaji siku kumi na mbili sasa ilijaa kwa siku tatu. Profesa alifurahi. "Zimeyazoea mazingira," alisema, na jambo hilo hutokea kweli. Taratibu naye aliamini, au alitaka kuamini. Waliandaa dawa ishirini na mbili na kuzijaribu moja moja. Ishirini na moja hazikufanya kitu cha maana. Moja, dawa ya drip inayojulikana kwa kutibu saratani ya matiti, ilizifyeka seli kama shoka kwenye mgomba.

Habari hiyo ilikuja wiki ile ile ambayo picha za kifua cha Refa zilionyesha madoa matano kwenye mapafu. Uvimbe ulikuwa umerudi na kusambaa. Profesa aliomba jopo la madaktari likutane Alhamisi, aliombe ruhusa Refa apewe dawa ile. Ilikuwa dawa kali, yenye kuchosha moyo, na moyo wa Refa ulishakuwa na kasoro. Bila ushahidi wa maabara, hakuna daktari ambaye angethubutu. Kwa ushahidi ule, wengi wangekubali.

Jumatatu, Profesa alimwomba Taratibu picha nzuri za seli za kuonyesha kwenye jopo. Taratibu alipiga picha mpya, kisha akafungua faili la zamani atafute za wiki ya tatu, aziweke bega kwa bega ili watu waone safari ilikotoka.

Aliziweka bega kwa bega.

Seli za wiki ya tatu zilikuwa ndefu na nyembamba, zikifuatana. Za sasa zilikuwa fupi, nene, zenye pembe, zimebanana kama mawe ya kusakafia. Aliwahi kuliona umbo hilo. Aliliona kila wiki, kwenye rafu ya pili ya kabati lile lile, katika chupa za seli za saratani ya matiti ambazo maabara ilizifuga kwa ajili ya kupima ubora wa maji ya chakula, kwa kuwa zilikuwa ngumu kufa na nyepesi kuota.

Alikaa.

Aliikumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Mama mkwe wake alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na mumewe alimpigia simu saa sita unusu kwamba anaingizwa chumba cha upasuaji saa nane. Zilikuwa zimebaki kazi mbili: seli za Refa na zile za kupimia. Kanuni ya maabara ilisema aina moja tu ya seli mezani kwa wakati mmoja, kila aina na chupa yake ya chakula, na meza ifutwe na kuachwa robo saa kabla ya kubadilisha. Siku hiyo alizitoa zote mbili pamoja akatumia chupa moja ya chakula. Hakumwaga kitu, hakuona tone likianguka. Lakini tone moja kwenye ncha ya pipeti, mrija wa kunyonyea, linatosha. Seli inayokimbia ikiingia kwenye chupa ya seli inayotambaa, baada ya wiki chache inayotambaa haipo tena. Katika miaka yake yote kazini, hiyo ndiyo siku pekee aliyoharakisha.

Jumatatu hiyo alirudi nyumbani saa kumi na moja, akaanza kukunja nguo zilizoanuliwa. Mama mkwe wake alikuwa amekaa dirishani, kiunzi chake cha kutembelea mbele ya magoti, akimtazama.

"Mwanangu, hilo shati umelikunja mara ya tatu sasa."

Akawaeleza, yeye na mumewe, aliyekuwa sakafuni na mota ya jokofu la watu magotini. Alieleza bila kulia, kama mtu anayesoma majibu ya vipimo.

"Una uhakika?" mumewe aliuliza.

"Sina. Nina macho tu."

"Basi pima kwanza, kimya kimya. Ukishajua ndio useme. Utajichongeaje kwa picha?"

"Kupima lazima Profesa asaini. Damu ya mgonjwa iko chini ya ufunguo wake."

Mama mkwe alikishika kiunzi chake. "Kumbe ni siku yangu ile," alisema.

"Mama, wewe hukushika pipeti. Ni mkono wangu."

"Huyo mgonjwa atapewa dawa lini?"

"Wanaamua Alhamisi."

"Na leo Jumatatu." Mama mkwe alinyoosha mkono, akamwondolea shati lile. "Sasa wewe unakunja nguo za nini? Kesho amka mapema uende."

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, Taratibu alikuwa amesimama mlangoni kwa Profesa kabla Profesa hajavua koti. Aliweka picha mbili mezani. Alianza na Ijumaa ile na kumaliza na jana. Profesa alizitazama picha, akavaa miwani, akazitazama tena.

"Unajua ninachokwenda kusema Alhamisi?"

"Najua, Profesa."

"Unajua nimeshaviandikia vyuo viwili kwamba tumefaulu?"

"Najua. Barua moja nilikusaidia kuichapa."

Profesa alivua miwani. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti, na sauti yake sasa ilishuka hata Taratibu akalazimika kuinama kuisikia. "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Siku ile nilijua nimevunja kanuni. Nikajiambia hakuna kilichotokea. Zilipoanza kukimbia nikajiambia zimezoea, kwa kuwa na wewe ulisema hivyo, na ilinipendeza kulisikia."

Nje, mhudumu alikuwa anaburuta ndoo koridoni. Profesa alisikiliza mpaka ndoo ikapita. Kisha akafungua droo, akatoa ufunguo wa jokofu la damu.

Kipimo cha vinasaba kilifanyika jengo la pili. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: kulinganisha damu ya Refa na seli zilizoandikwa namba yake. Kama ni mtu mmoja, alama zitalingana. Majibu yangetoka Jumatano alasiri. Taratibu hakuruhusiwa kugusa chupa yoyote hadi hapo, kwa hiyo aliosha vyombo. Aliosha hata vilivyokuwa safi. Wenzake wawili walifanya kazi pembeni yake wakizungumza kwa kunong'ona, mmoja akamletea chai akaiweka mezani bila neno.

Saa tisa Jumatano mkuu wa maabara ya vinasaba alikuja mwenyewe na karatasi mkononi. Alimpa Profesa, lakini alimtazama Taratibu.

"Hazilingani," alisema. "Hata undugu hakuna. Hizi zimetoka kwa mwanamke. Nimezilinganisha na zile zenu za kupimia: ni zile zile, alama kwa alama."

Profesa aliikunja karatasi mara mbili. Alipiga simu tatu, zote fupi. Katika ya tatu alisema tu, "Nafuta ombi langu la kesho. Ushahidi niliotaka kuuleta si wa mgonjwa huyu." Alipoweka simu chini, alibaki ameishika.

"Kwa kanuni natakiwa nikuondoe kwenye kazi ya seli," alimwambia Taratibu.

"Nalijua hilo."

"Kuna vichupa viwili kwenye nitrojeni. Viligandishwa lini?"

"Mwezi wa tatu. Kabla ya Ijumaa ile."

"Nani mwingine hapa amewahi kuyeyusha kichupa ambacho kikifa hakuna kingine cha kununua?"

Profesa aliwatazama waliokuwepo mmoja mmoja.

"Utaviyeyusha wewe. Mtu atasimama nyuma yako kila dakika na kuandika. Barua ya onyo utaikuta kwenye faili lako, na nitaisaini kwa mkono wangu."

"Sawa. Ninaomba jambo moja. Refa nimwambie mimi."

Walimkuta Refa wodini, amelazwa kwa ajili ya dawa ambayo sasa asingepewa. Mkewe, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijivu kichwani, alikuwa anamkata kucha. Profesa alitangulia kueleza kwamba ombi limefutwa. Kisha Taratibu alisogea hadi ukingo wa kitanda.

"Kaka Refa, seli ulizokuwa unakuja kuziona miezi hii ya karibuni si zako. Nilizichanganya mimi. Nilikuwa na haraka siku moja nikavunja kanuni, na seli za mtu mwingine zikala zako. Dawa tuliyotaka kukupa ilionekana inafaa kwa sababu ni dawa ya huyo mwingine."

Mke aliacha kukata kucha.

"Ningepewa ingekuwaje?" Refa aliuliza.

Profesa ndiye aliyejibu. "Uvimbe usingeisikia. Moyo wako ungeisikia."

Mke wa Refa alimtazama Taratibu usoni, macho makavu, na Taratibu hakuyakwepa.

"Kuna mechi moja," Refa alisema hatimaye. "Fainali. Dakika ya themanini na nane nikatoa penalti. Nilipoinua mkono kuelekeza nikajua nimekosea. Yule kijana aliguswa na mwenzake wa timu yake mwenyewe. Watu elfu ishirini uwanjani, na filimbi iko mdomoni mwangu. Ningeweza kuibatilisha. Sikuibatilisha. Kipa aliyefungwa aliacha mpira mwaka uliofuata." Alimgeukia mkewe. "Hata wewe sijawahi kukuambia."

"Hujawahi," mke alisema.

"Una nyingine?" Refa alimuuliza Taratibu. "Seli zangu, za kweli?"

"Vichupa viwili vilivyogandishwa."

"Basi nenda kavitoe. Unafanya nini hapa?"

Kichupa cha kwanza alikiyeyusha Ijumaa. Alikitoa kwenye pipa, moshi mweupe wa baridi ukimwagikia viatu, akakizungusha kwenye maji ya vuguvugu hadi ikabaki punje ya barafu. Aliongeza chakula tone kwa tone, huku mwenzake akiandika saa na dakika. Kisha alichukua tone la seli, akalichanganya na rangi ya buluu, akaliweka chini ya hadubini. Seli hai huikataa rangi, iliyokufa huinywa. Alihesabu mia moja. Tisini na tatu zilikuwa buluu.

"Kifuniko kilikuwa na ufa," alisema, akikigeuza kwenye mwanga. "Nitrojeni iliingia."

Zile chache zilizokuwa hai kichupani alizitunza siku nne. Siku ya tano chupa ilikuwa na uchafu wa seli zilizopasuka, basi.

Kikabaki kimoja. Profesa alitaka kisubiri. Pengine wangepata ushauri wa maabara kubwa zaidi. Taratibu, kwa mara ya kwanza, alimpinga. "Profesa, hakikui humo ndani. Na mapafu ya Refa hayasubiri." Walibishana nusu saa, mlango wazi. Mwishoni Profesa alimuuliza atafanya nini tofauti.

"Mara ya kwanza niliziweka kwenye chupa kubwa, zikakaa mbalimbali. Hizi ni seli za polepole, zinataka majirani. Nitaziweka kwenye kisahani kidogo kama kifungo cha koti, zigusane."

Alikiyeyusha Jumatano. Kati ya mia moja, hamsini na tisa zilikuwa buluu. Arobaini na moja zilikuwa hai. Alizimimina seli zilizobaki kichupani kwenye kisahani, akalifunga kabati.

Siku ya kwanza zote zilielea. Siku ya pili zilielea. Siku ya tatu alipata tisa zimejishika chini. Siku ya sita hazikuwa zimeongezeka, na mwenzake aliyekuwa akiandika aliacha kumtazama machoni. Siku ya nane simu ililia, mke wa Refa akauliza neno moja tu: "Vipi?" Taratibu akajibu, "Bado, dada. Ziko hai lakini bado."

Siku ya kumi na moja, seli moja ilikuwa imejigawa. Alizikuta mbili zimelala ubavu kwa ubavu, ndefu, nyembamba, pale ambapo jana ilikuwepo moja. Hakumwita mtu. Alizirudisha kabatini, akaenda chooni, akafungua bomba na kulia kwa dakika chache, kisha akanawa uso na kurudi kuandika daftari.

Baada ya wiki saba walikuwa na seli za kutosha kupima vinasaba. Zilikuwa za Refa, alama kwa alama. Wakagandisha vichupa thelathini, wakavigawa katika mapipa mawili, majengo mawili. Ndipo wakarudia dawa zote ishirini na mbili. Ile dawa ya matiti haikuzifanya lolote; ziliendelea kuota ndani yake kana kwamba ni maji. Nyingine, vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu, havikuziua, lakini vilizisimamisha. Profesa alirudia jaribio hilo mara tatu kwa mikono mitatu tofauti kabla ya kulipeleka kwenye jopo, na safari hii alianza maelezo yake kwa kuwasimulia madaktari kosa lilivyotokea.

Refa alimeza vidonge hivyo miezi kumi na tatu. Kwa miezi kumi na moja madoa kwenye mapafu hayakukua hata milimita. Alitupa gongo moja. Alimtafuta yule kipa, akamkuta ana duka la vifaa vya umeme, akamwambia alilokuwa nalo moyoni. Alipokuja kumsimulia Taratibu, alisema kipa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuzia balbu mbili, na hakumpunguzia bei. "Haki yake," Refa alisema.

Mwezi wa kumi na mbili madoa yalianza tena. Alifariki wodini, asubuhi, mkewe akiwa ameenda kujaza chupa ya maji.

Wiki sita baada ya mazishi, mjane alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Taratibu alimvutia kiti, naye hakukaa. Alikuwa na nakala ya ile fomu ya kukubali, imekunjwa ndani ya bahasha.

"Nimeisoma yote," alisema. "Imeandikwa kwamba mwenyewe akifariki, familia inaweza kuomba utafiti usimamishwe na seli zitupwe."

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Watu wananiambia, furahi, sehemu yake bado inaishi. Nashindwa kuwajibu. Kinachoishi si yeye. Ni kile kilichomla. Yeye yuko kaburini na chenyewe kiko humu kinapewa chakula, kinafunikwa kisipate baridi. Nikilala nakifikiria."

Taratibu alihesabu kichwani. Vichupa ishirini na sita kwenye mapipa, vinne vilikuwa vimeshatumwa kwenye vyuo vingine, majaribio mapya ya kuchanganya vidonge viwili yalikuwa nusu njiani. Alikuwa na hoja tele. Alizimeza zote.

"Ukitaka zitupwe, nitazitupa leo," alisema. "Utasaini hapa, na utasimama ushuhudie. Sitakuomba ubadilishe mawazo."

Mjane alimtazama kwa macho yale yale makavu ya siku ile wodini. "Wewe ungefanya nini?"

"Mimi sifai kuulizwa. Nimezilea kwa shida, nitakujibu kwa uchungu wa mlezi."

"Jibu hivyo hivyo."

"Ningeziacha. Mwezi uliopita maabara moja imetuandikia. Wana mgonjwa, dereva wa basi, mama wa watoto wawili, ana uvimbe ule ule. Daktari wake alikuwa hana pa kuanzia. Sasa anaanzia kwenye vidonge vya Refa, na tukijua cha kuongezea juu yake, ataongezewa. Lakini mimi sikulala naye kitanda kimoja miaka thelathini, dada. Uchungu wako siujui."

Mjane aliigeuza bahasha mikononi. Mashine za maabara zilivuma. Mwenzake Taratibu aliyekuwa mezani alikuwa ameshika pipeti hewani, amesahau kuishusha.

"Huyo dereva anajua kosa lilivyokuwa?"

"Daktari wake anajua. Kila boksi tunalotuma lina ukurasa unaoeleza, kwa jina langu."

Mjane aliirudisha bahasha mkobani, akafunga zipu.

"Ziacheni," alisema. "Ila msiniite kuja kuziona. Na huyo mama akipata nafuu, au akikosa, nipigie simu uniambie. Usimwachie muuguzi."

"Nitakupigia mwenyewe."

Alimsindikiza hadi mwanzo wa ngazi. Mjane alishuka akishika ukuta, na Taratibu alisimama hapo mpaka mlango wa chini uliposikika ukifungwa. Kisha akarudi ndani, akafuta meza kwa spiriti, akategesha saa dakika kumi na tano, akaketi kusubiri.